Anko wa Katuni Anajibu: Dogo wa London, Bundi Wake na Wanga wa Kwetu

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu, miwili jamani, kwamba kuna mfululizo wa katuni za Kizungu unaitwa The Books of Magic, na kwamba mtu aliyekulia Tanga atauelewa kuliko hata wenyewe wa London. Basi meseji zikaanza. Simu imejaa, nyingine zimeandikwa herufi kubwa tupu kama mtu anamfokea jirani aliyemwaga maji uani. Nimechagua chache, zile za matusi nimeziweka akiba.

Shikamoo Anko. Binamu yangu karudi toka Dar na kitabu cha katuni, ndani kuna dogo kavaa miwani, nywele nyeusi, ana bundi, yuko London afu anaambiwa ana uchawi. Nikamwambia hiyo si Harry Potter feki hiyo, akakataa, tukabishana mpaka saa 6 usiku tukafukuzwa barazani. Nani kamuibia mwenzake? Na stori yenyewe inahusu nini maana kagoma kuniazima.
Kijana wa Ngamiani, barabara ya 12

Marahaba mwanangu. Ubishi umeshindwa, kamwombe radhi binamu yako afu ndo umwombe kitabu, kwa mpangilio huo huo.

Huyo dogo anaitwa Tim Hunter, ana miaka 12, na alitoka kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1990 kwenye matoleo manne tu ya kampuni ya DC ya Marekani, hao hao wa Batman, mwandishi ni Mwingereza Neil Gaiman. Harry Potter wa kwanza katoka 1997, sasa piga hesabu mwenyewe. Ila usije ukarukia upande wa pili ukaanza kusema basi yule mama aliyeandika Harry Potter ndo kaiba, maana Gaiman mwenyewe kaulizwa hilo swali miaka nenda miaka rudi na jibu lake halibadiliki, haoni wizi hapo, anasema wote wawili wamechota kisima kimoja na kisima chenyewe anakitaja kwa jina, T. H. White. Huyu White mwaka 1938 alitoa kitabu cha mtoto anaefundishwa na mzee wa miujiza anaitwa Merlyn, na huyo Merlyn anafuga bundi ndani ya nyumba, bundi ana jina kabisa, Archimedes. Yani bundi wa mchawi kule Uingereza kazoeleka kabla babu yako hajaoa. Mtoto aliyefiwa, mzee mwenye siri, ndege wa usiku, hivyo ni kama kwetu kusema sungura na fisi, huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa sababu katumia sungura.

Stori sasa. Tim yuko zake mtaani anacheza skeitibodi, mama kafariki, baba yupo ila ni wa kukaa mbele ya tivii kajikunyata na huzuni yake. Wanamtokea wanaume wanne wamevaa makoti marefu kama watu wanaoenda kuzika siku ya mvua. Wanamwambia wewe unaweza kuja kuwa mkubwa kuliko wote kwenye mambo ya miujiza, kwa wema au kwa ubaya hatujui, ila kabla hujasema ndio au hapana tutakutembeza uone mwenyewe. Ndo stori nzima hiyo, kutembezwa. Wa kwanza, Phantom Stranger, anampeleka zamani, tangu dunia haijawa dunia mpaka kwa Merlin. Wa pili ni John Constantine, tapeli wa maneno, sigara haimtoki mdomoni, anampeleka Marekani ya leo na kule dogo anajikuta kwenye klabu ya usiku imejaa wachawi wanaotaka kichwa chake, na Constantine anaingia anamtoa kwa mdomo mtupu, hana hirizi hana tunguri, anawauliza tu mnanijua mimi ni nani, na wao wanajua, wanarudi nyuma. Hicho kipande nimekisoma labda mara 20, ni uswahilini kabisa kile. Wa tatu, Doctor Occult, anampeleka nchi inayoitwa Faerie ambayo mi naitafsiri ujinini na simwombi mtu radhi. Wa nne ni Mister E, kipofu na fimbo yake, anampeleka mbele mpaka wakati wenyewe unapoisha, na huyo ndo wa kumuogopa, sikuambii kwanini.

Hebu nikae kidogo hapo ujinini maana ndo penye utamu. Malkia wa kule, Titania, anampa Tim zawadi. Dogo kalelewa vizuri, anapokea na ahsante juu. Kumbe sheria ya kule ukipokea kitu bila kutoa kitu umejiuza, inabidi abaki awe mtumishi wa malkia, na anaponea kwenye tundu la sindano kwa sababu tu mfukoni ana kitu cha kulipia. Nilivyosoma pale nikacheka peke yangu kama chizi. Bibi yangu alikuwa anatuimbia hilo kila magharibi, ukiitwa na sauti usiyoiona usiitike, ukikuta chakula kwenye njia panda au chini ya mbuyu usile, hata uwe na njaa vipi, mwenye chakula atakuja kudai. Mtoto wa London inabidi achukuliwe na mzee wa koti mpaka nchi nyingine ndo afundishwe somo ambalo mtoto wa Ngamiani kalipata bure kabla hajaanza shule. Ndo nilichokuwa namaanisha kwenye ile mistari miwili. Hamna cha bure kwenye mambo hayo, kila kitu kina mwenyewe na kina bei, na hicho kitabu kuanzia mwanzo mpaka mwisho kinauliza swali moja tu, dogo, ukiambiwa bei utalipa?

Ah, na michoro. Kila toleo kachora mtu mwingine, John Bolton, Scott Hampton, Charles Vess na Paul Johnson, kwahiyo ukihama toleo ni kama umehama nyumba. Vess ndo kapewa ujinini na alistahili. Msalimie binamu.

Anko habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Muheza. Kijana wangu wa miaka 11 nimemkuta na simu ya babaake anasoma hayo madude yako, kurasa zimejaa mafuvu na watu hawana macho. Nimemnyang'anya. Nauliza, huku kwetu vitu hivi vipo na sio vya kuchezea, haviwezi kumfungulia mtoto mlango? Na wewe mtu mzima kwanini unavitangaza gazetini?
Mama Wawili, Muheza

Nzuri dada yangu, pole na kazi. Kumnyang'anya umefanya sawa ila sababu siyo hiyo unayoifikiria.

Lile la matoleo manne mtoto wa miaka 13, 14 anaweza kulisoma, ikiwezekana ukiwa karibu. Ila kuna mwendelezo wake ulioanza 1994 chini ya Vertigo, hilo ni tawi la DC lililokuwa linatoa katuni za watu wazima, na ndo maana ziliandikwa wazi kwamba ni za wasomaji waliokomaa. Humo kuna damu, kuna mambo ya chumbani, kuna wazazi wanaumizana. Kwetu sisi tumezoea kuona picha za kuchorwa tunajua ni za watoto, tunampa mtoto anyamaze, afu sisi tunarudi kwenye tamthilia yetu. Katuni siyo umri dada, katuni ni namna ya kusimulia tu. Kwahiyo hapo umemuokoa.

La kufungua mlango sasa. Nimezisoma zote, hamna humo dawa ya kuchanganya, hamna kafara, hamna cha kusema usiku wa manane ukiwa mtupu. Mtoto akiingia humo kutafuta uchawi atatoka na njaa yake. Tatizo liko kwenye lugha kwa mtazamo wangu. Mzungu akishika neno moja, magic, analitumia kwa kila kitu, mtu akitoa njiwa kwenye kofia ni magic, mtu akiua jirani kwa mbali magic, mapenzi yakikolea magic. Sisi kila kitu kina chumba chake. Mazingaombwe ni ya kuchekesha watu, ramli ni ya kutazamia, uganga ni wa kutibu, uchawi ni wa kuumiza, na mwanga, astaghfirullah, mwanga ndo yule anaezunguka usiku kwenye mapaa ya watu. Ukimtafsiri Tim Hunter kuwa mchawi umemtukana mtoto wa watu. Ukitaka neno lake la karibu ni yule mtoto ambae mizimu ya ukoo imemchagua. Unawajua hao, na mi nawajua, anaumwa, hospitali hawaoni kitu, anadhoofika, mpaka siku anakubali kupokea mkoba wa bibi yake ndo anapona, na kuanzia hapo watu wanaanza kumjia na matatizo yao. Tofauti ni moja na ni kubwa, Tim anaulizwa anataka au hataki, wakati wa kwetu haulizwi, anaumwa tu mpaka akubali. Hiyo peke yake ukimuelezea kijana wako itamtosha kufikiri wiki nzima.

Na kuhusu mimi kutangaza, nikwambie tu nimeshalipia. Kitabu cha kwanza nilikisomea kwa shangazi yangu Makorora, miaka hiyo nakaa kwake. Kwenye kitabu yo-yo ya Tim inageuzwa kuwa bundi mbele ya macho yake na anapewa jina hilo hilo, Yo-yo, na dogo anampenda. Nikamsimulia shangazi kwa furaha zangu zote. Akaniuliza mara mbili, bundi? Anampenda bundi? Anamweka begani? Akachukua kitabu kwa ncha ya khanga, akakilaza kifudifudi juu ya kabati, na jioni ile alifukiza udi nyumba nzima mpaka choo cha uani. Mpaka leo nikienda kumsalimia ananiuliza, bado unasoma yale ya bundi? Kwahiyo dada usidhani nakudharau, na mimi nikisikia yule ndege analia juu ya paa usiku huwa nazima taa najifanya sipo.

Anko, kwenye hicho kitabu kuna maneno ya kumrudisha mpenzi? Naulizia rafiki yangu.
Rafiki wa Rafiki, Raskazone

Hamna. Mwambie rafiki ampigie simu. Na kama kuna mtu kamwambia atamfanyia kwa laki mbili, mkumbushe kwamba nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, haijafutwa, na inamgusa hata yule anaejidai tu kwamba anao.

Anko mi niko Bagamoyo, nasoma sanaa. Nimeingia mtandaoni nimekuta The Books of Magic kama za aina tatu nne, nyingine Magic imeandikwa na K mwishoni, nyingine Tim ana sura tofauti kabisa. Nianze na ipi, na kuna zinazofaa kurukwa?
Msomaji wa Bagamoyo

Anza na yale manne ya 1990 mpaka 1991, siku hizi yanauzwa yakiwa yameunganishwa kitabu kimoja. Ukishamaliza hapo hata usipoendelea hujapungukiwa.

Ukiendelea, kuna ule mwendelezo mrefu wa 1994 mpaka 2000, matoleo 75. Hamsini za mwanzo kaandika John Ney Rieber, zilizobaki kaandika Peter Gross ambae kabla ya hapo alikuwa mchoraji wake, na hilo mwanafunzi wa sanaa lishike, mtu kaanza na penseli kaishia na kalamu. Rieber anajua kuandika majonzi ya mtoto kuliko mtu yeyote niliyemsoma kwenye katuni. Mwanzoni kabisa mwa mwendelezo kuna mtu anaitwa Tamlin, inasemekana ndo baba halisi wa Tim, baba mgumu, hajui kukumbatia, afu Tim anapokuwa mahututi kwa sumu ya kiumbe fulani huyo baba ndo anatoa uhai wake ili mwanae aishi. Bei tena, unaona? Na kuna msichana anaitwa Molly, huyo ana akili kuliko Tim na wasomaji wote tunajua hivyo isipokuwa Tim. Ila mzee Rieber ana kasoro, kuna mahali anazunguka zunguka kama daladala linalotafuta abiria, unafika namba thelathini na kitu unajiuliza hivi tulikuwa tunaenda wapi.

Yenye K ni ya 2004 mpaka 2005, kaandika Si Spencer, matoleo 15, ni Tim mwingine kwenye dunia nyingine yenye vita, usianze nayo utachanganyikiwa. Ya 2018 kaianza Kat Howard na Tim yuko shule tena, hiyo ni nyepesi, nzuri ya kwenye basi. Kuna na nyingine ya 2001 inaitwa Hunter, hiyo iache mpaka uwe umenogewa kweli.

Halafu hapo ulipo Bagamoyo una TaSUBa, chuo cha sanaa, mlangoni, kama ndo unaposoma nakuonea wivu na yaishie hapo.

Mhariri, nasoma gazeti lenu kila mwezi na mjukuu ndie ananisomea maana macho yameisha. Nimechoka kusikia wachawi wa Uingereza. Kwani huku kwetu hakuna vijana wenye nguvu waliosimuliwa? Nyinyi waandishi mmesahau mlikotoka.
Mzee wa Lushoto

Shikamoo mzee wangu. Barua yako imenikalisha chini, na nakujibu kwa adabu ila sitakubali yote.

Kwanza hilo jina, Hunter. Kwa Kiswahili ni mwindaji. Sasa mzee, ukiniambia kijana mwindaji mwenye nguvu zisizo za kawaida, amefiwa, watu wanamuogopa kabla hajafanya lolote, na mwishowe kapewa mamlaka ambayo hakuyaomba, mi kabla sijafika London nimeshasimama Vugha kwenu, makao ya wafalme wa Wasambaa. Si Mbegha huyo? Kazaliwa Nguu, meno ya juu yakatangulia kuota, kigego, na kigego kwa wazee wa kule alikuwa ni mtoto wa nuksi, kila msiba wa ukoo anabebeshwa yeye. Wazazi walivyokufa ndugu wakamnyima urithi na kumfukuza. Akaenda Kilindi akapendana na mtoto wa mtawala kama ndugu wa damu, wakaenda kuwinda, mtoto wa mtawala akauawa na nguruwe, Mbegha akakimbia tena, yeye na mbwa wake na wenzake, mpaka milima ya Usambaa. Huko akawa anagawa nyama kwa wenyeji, na wao wanampa vyakula vya shamba, na usiku uliofika Vugha akaua simba, asubuhi watu wakasema huyu ndie, akawa Simba Mwene, mfalme wao. Na yote hayo hayajasahaulika mzee, yameandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy kwenye Habari za Wakilindi, kitabu kinanoga mpaka leo.

Tena mi naona wafalme wa Kilindi, yani uzao wa Mbegha, wamelifikiria hili jambo la nguvu kwa kina kuliko hao wazee wanne wa makoti. Wewe Kisambaa ni chako, nirekebishe kwa matamshi tu, kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Na mvua ni ile ile moja! Dawa ya mvua iliyoko mkononi mwa mfalme aliyetulia, asiye na mpinzani, inaponya nchi, na dawa hiyo hiyo wakigombea wawili, jua linawaka, mahindi yanakauka, watu wanakula mizizi. Kwahiyo swali la wema na ubaya halipo ndani ya dawa wala moyoni mwa mtu peke yake, liko kwenye nchi yenyewe, ina amani au haina. Kitabu cha Tim kinamuuliza Tim tu, wewe utakuwa mwema au mbaya, kana kwamba dogo anaishi peke yake duniani. Hapo tumewazidi na nasema bila kuona aibu.

Pale nisipokubali ni hapo kwamba tumesahau. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa hapa Tanga, mwaka 1952 kawageuza ndugu wawili kuwa manyani kwa mkono wa jini Huria kwenye Adili na Nduguze, na vizazi na vizazi vikasoma hilo shuleni bila mtu kupandisha pepo darasani. Katuni nazo tumekuwa nazo, jarida la Sani na kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, mikono ya kina marehemu Philip Ndunguru, mi nimejifunza kusoma humo kabla ya kitabu cha darasa la kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na Mbegha akamchora ukurasa kwa ukurasa miaka mitano mfululizo, na hilo siyo kusahau, hilo ni nani atamlipa kwa miaka hiyo mitano. Mjukuu wako anaekusomea anachora? Muulize.

Anko vipi. Mi nachora, niko Pongwe, nina miaka 19. Nataka kutengeneza katuni yangu ya mjukuu wa mganga anaeishi karibu na Mapango ya Amboni, anagundua anaweza kuongea na vitu vya mapangoni. Nimeshachora kava tatu. Nipe mawazo na usinionee huruma.
Mchoraji wa Pongwe

Poa dogo. Huruma sina.

Kava tatu na ukurasa wa ndani sifuri, ugonjwa huo naujua. Weka kava pembeni. Katuni za DC toleo la kawaida ni kurasa ishirini na ushee tu na nyuma yake kuna kijiji kizima, mmoja anaandika, mmoja anachora kwa penseli, mmoja anapitisha wino, mmoja rangi, mmoja anaandika maneno kwenye viputo, na mhariri anawafokea wote. Wewe uko peke yako na taa ya simu, kwahiyo usijipangie matoleo 75. Jipangie kurasa 8. Kwa nini 8, kwa sababu ukienda kuchapa karatasi inayokunjwa katikati na kupigwa pini inakupa kurasa nne, kurasa zako zikiwa 10 utalipia mbili nyeupe. Nyeusi na nyeupe, rangi ni hela. Maneno kwenye viputo yawe machache, yani ukiona kiputo kimemfunika mtu usoni ujue umeandika insha.

Amboni ni chaguo zuri mno na umelala nalo. Umewahi kuingia kweli, au unachora kwa picha za mtandaoni? Ni kama kilometa 8 tu toka mjini njia ya Mombasa, nenda na daftari. Lile ni jiwe la chokaa lililoliwa na maji, halina kona kali hata moja, kila kitu kimelainika kama kimelambwa, afu giza lake ni la kusikika, na popo. Humo utakuta watu wameacha vitu vyao kwa ajili ya mzimu, nguo, chupa za marashi, usiguse, usichore ukiwa umevikalia. Muombe muongozaji akusimulie ya mbwa aliyeingia humo akaja kuonekana mbali huko upande wa Kilimanjaro, na ya Osale Otango, yule mporaji wa miaka ya 1950 aliyekuwa anajificha mapangoni na kwa jinsi wazee wanavyosimulia askari walikuwa wanampita hivi hivi hawamuoni. Hayo yote ni yako bure, hamna DC anaeweza kukudai.

Sasa shujaa wako. Anaongea na vitu vya mapangoni, sawa, vinamdai nini? Hujaniambia. Umenitumia mstari mzima wa uwezo wake na hamna hata neno moja la anachopoteza. Bibi yake mganga alilipa nini kuupata ule mkoba, mtoto mmoja? macho? Labda kila akiongea na pango anasahau sauti ya mtu mmoja wa nyumbani, anarudi jioni mamaake anamuita na yeye anageuka kama kaitwa na mpita njia. Hiyo nimekupa, itumie au itupe. Ila usimfanye awe anarusha moto mikononi, tumeshaona moto, tumechoka na moto. Na usimpe maadui wenye pembe. Kwetu mwanga ni jirani, anakuja kukuazima chumvi asubuhi, anakuuliza umelalaje. Mchore huyo, mama wa heshima, kikoi chake, ungo wake umeegemea ukutani, anatabasamu, na tusijue mpaka ukurasa wa saba.

Bundi uliyemuweka kwenye kava ya pili mwache alipo, kachorwa vizuri kuliko shujaa. Na zikifika hizo kurasa 8 lete ofisini nizione kwanza mimi, kisha nizipeleke Makorora, shangazi akikubali kukigeuza kitabu kikae uso juu kwenye kabati lake ntakuchapia ukurasa wa kwanza hapa hapa kwenye safu hii.